Hajiwezi Nini?

(Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu wa vyama vya msingi, siku ya pili ya mafunzo ya utunzaji wa vitabu)



Nimeombwa nizungumze juu ya daftari la wanachama, nami nitalizungumzia. Lakini mniwie radhi nikipita njia ya mzunguko, kwa maana kasoro niliyoikuta katika daftari la chama kimoja ilinifikirisha kwa muda mrefu, wala sikuweza kuieleza kwa hesabu peke yake.

Katika chama hicho, ambacho sitakitaja jina, nilikuta mbele ya majina manne neno moja lililoandikwa kwa wino mwekundu katika safu ya maelezo: "Hajiwezi". Nikamwuliza karani maana yake. Akanijibu kwa utulivu kwamba wa kwanza haoni, wa pili hasikii, wa tatu alikatwa mguu, na wa nne ni mzee aliyepooza upande mmoja. Nikamwuliza tena: hajiwezi nini? Hapo akanyamaza. Nilipofungua kitabu cha kupokelea mazao, nikamkuta yule asiyeona ameleta pamba kilo 612 msimu uleule. Wapo wajumbe wawili wa bodi ambao hawakufikisha nusu ya hizo.

Habari ya yule aliyekatwa mguu ilikuwa nzito zaidi. Jina lake lilipigwa mstari, na hisa zake zikaandikwa kwa jina la mdogo wake, bila muhtasari wa kikao wala barua yake mwenyewe. Malipo ya misimu miwili yalikwenda kwa mdogo mtu. Viongozi walipoulizwa, hawakuona aibu, na naamini walisema kweli: walimhurumia, hawakutaka apate taabu ya kuja chamani. Ndugu Makatibu, katika kazi yangu nimekutana na wizi wa namna nyingi, lakini huu wa huruma ndio mgumu kuliko yote kuuandikia taarifa.

Sasa nauliza, mguu ulipokatwa, ni nini hasa kilichopungua kwa mwanachama yule? Hospitali iliondoa mguu. Uanachama uliondolewa na sisi. Tofauti hiyo ndiyo niliyotaka tuitazame leo, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unaieleza kwa namna hiyohiyo. Unasema ulemavu hutokea pale mtu mwenye upungufu wa mwili au akili anapokutana na vizuizi vya mazingira na vya fikra za watu. Ondoa vizuizi, na upungufu utabaki upungufu tu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya mikutano mikubwa. Basi nitaleta mfano wa watu wa kawaida, wavuvi na wafugaji. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard, huko Marekani, uziwi wa kurithi ulienea kwa zaidi ya miaka 200. Katika karne ya 19 hesabu ya nchi nzima ilikuwa kiziwi mmoja kwa watu 5,728; kisiwani humo ilikuwa mmoja kwa 155, na katika mji wa Chilmark mmoja kwa 25. Wenyeji walifanya nini? Wote walijifunza lugha ya alama, wenye kusikia na wasiosikia. Wavuvi walizungumziana kwa mikono kutoka mashua hadi mashua, mahali ambapo sauti haifiki. Viziwi walioa na kuolewa, walifanya biashara, walipewa nyadhifa za mji. Mtaalamu aitwaye Nora Groce aliwahoji wazee wa kisiwa na kuandika kitabu mwaka 1985. Aliwakuta wakiwakumbuka majirani zao kwa uhodari wa kuvua samaki, na ilibidi wafikiri kwanza ndipo wakumbuke kwamba, kumbe, fulani na fulani walikuwa hawasikii. Masikio yao yalikuwa sawa na ya viziwi wa mahali pengine. Jirani ndiye aliyekuwa mwingine.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba lugha ya alama peke yake inatosha. Katika kijiji cha Adamorobe, nchini Ghana, nako uziwi ni wa kurithi na kijiji kina lugha yake ya alama ambayo wengi huielewa. Hata hivyo, mwaka 1975 chifu alikataza viziwi kuoana wao kwa wao, ili wasizaliwe wengine. Watu wanaweza kuzungumza nawe vizuri sana, na bado wakakuamulia.

Ukoma nao hutufundisha kitu. Vijidudu vyake viligunduliwa mwaka 1873 na Hansen, daktari wa Norwei, na tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri mchanganyiko wa dawa ambao huuponya kabisa. Dawa iliponya ugonjwa, jina halikuponywa. Tunaye mtu aliyepona miaka mingi iliyopita, vidole vyake vimebaki vifupi, na kikombe chake cha chai bado huwekwa kando. Hamwambukizi mtu yeyote. Kilichobaki si ugonjwa wake. Ni hofu yetu.

Hata lugha yetu ina neno la kusema hapa. Siku hizi wako wanaolalamika kwamba kipofu, kiziwi, kiwete na kilema huanza kwa ki- kama kiti na kisu, na kwa hiyo wazee wetu waliwahesabu kuwa ni vitu. Mimi sikubali moja kwa moja. Kiongozi naye huanza hivyo, na kijana, na kinyozi. Wala hakuna Mswahili asemaye "kipofu kimekuja". Lakini nakubali kwamba anayeitwa ndiye mwenye haki ya kuchagua jina, na walio wengi wamechagua kuitwa watu wenye ulemavu: mtu akitangulia, ulemavu ukifuata. Tuandike hivyo. Wahenga pia walikwisha kuona kwamba jicho moja huwa na majina mawili kwa kadiri ya moyo wa mtazamaji, ndiyo maana wakasema akipenda, chongo huita kengeza.

Ndugu zangu, hapa kwetu jambo hili halikuishia kwenye majina. Watu wenye ualbino wana upungufu wa rangi katika ngozi, nywele na macho, basi. Jua huwaunguza na huweza kuwaletea saratani ya ngozi, na wengi hawaoni mbali. Hayo ndiyo ya mwilini. Yaliyoongezwa na watu ni kwamba hawafi bali hutoweka, na kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu waliuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya imani hiyo, watoto wakiwamo. Na katika nchi hiyohiyo, miaka hiyohiyo, Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge mwaka 2008, na Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010. Ngozi ni ileile. Mmoja aliona ndani yake dawa ya mali, mwingine akaona mwakilishi wake Bungeni.

Narudi kwenye ushirika, kwa kuwa nimekwisha kuona Ndugu Mwenyekiti akitazama saa.

Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyoandikwa upya na Shirikisho la Kimataifa la Ushirika mwaka 1995, husema uanachama ni wazi kwa wote wanaoweza kutumia huduma za chama na walio tayari kubeba wajibu wake, bila ubaguzi wa jinsia, hali, rangi, siasa au dini. Isomeni vizuri. Ulemavu haukutajwa kwa jina, na maneno "wanaoweza kutumia huduma" yamewapa viongozi wengine mwanya. Husema: huyu hawezi. Lakini huduma yenyewe nani aliipanga? Chama kimoja kina ofisi juu ya ngazi saba, nimezihesabu. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hubaki uani na kutumiwa karani, ambaye humletea taarifa kwa jinsi apendavyo. Mteremko mdogo wa saruji ungegharimu chini ya posho ya kikao kimoja cha bodi. Simlaumu fundi aliyejenga. Nailaumu bodi iliyokaa humo miaka yote hiyo.

Malipo nayo siku hizi hupitia benki au simu, jambo jema la kupunguza wizi. Kwa asiyeona, ujumbe wa simu husomwa na mjukuu. Basi katibu ampigie, amtajie kilo, bei na makato kwa sauti, kisha aandike katika kitabu siku na saa aliyomwambia. Kwa asiyesikia, mkutano mkuu haujamfikia mpaka awepo mtu wa kumfasiria, na si lazima awe ndugu yake wa damu, hasa ndugu huyo akiwa ndiye mwenye kushika fedha zake. Kwa mwenye ualbino, apimiwe mazao asubuhi na mapema, au asubirie kivulini; foleni isiwe sababu ya kumchoma. Na vyama vyenye wafanyakazi 20 au zaidi mkumbuke kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 huwataka asilimia 3 ya waajiriwa wawe watu wenye ulemavu. Nimekagua vyama vya namna hiyo. Asilimia hiyo sijaikuta.

Kuhusu daftari, agizo langu ni fupi. Safu ya maelezo isiwe na "hajiwezi" wala neno lolote la jamaa yake. Kama pana haja, iandikwe anachohitaji: "asomewe", "afasiriwe", "apewe nafasi chini ya ngazi". Hakuna hisa kuhamishwa bila maombi ya mwenyewe mbele ya mashahidi wawili na muhtasari wa bodi. Nitaanza kupita baada ya mavuno, na ukurasa huo ndio nitakaoufungua kwanza.

Mtataka kujua yaliyompata yule mwanachama. Jina lake lilirudishwa, na malipo ya misimu miwili yanalipwa kidogo kidogo. Msimu mmoja umekwisha, mwingine bado. Katika mkutano mkuu uliofuata alikuja kwa magongo yake mawili, akaketi mstari wa mbele, na nilipopendekeza ushuru wa mizani uongezwe, yeye ndiye aliyesimama kwanza kunipinga. Pendekezo langu lilianguka.