Watafiti Waje, Lakini Hati ya Mzigo Iandikwe Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi, Free Area, Nakuru)



Sisi mliotupa kazi ya kuitazama barua ya watafiti si wasomi. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, kisha tukashika nyundo ya reli. Lakini mlituambia tuulize, tukauliza. Nayo majibu tumeyaleta.

Barua yenyewe mnaijua. Watafiti wa chuo kikuu wanataka kupima masikio ya watu wa karakana na wa injini, wapate kujua kelele imetudhuru kiasi gani. Mkutano uliopita uligawanyika. Wengine walisema, "Na waje watupime, tupate ushahidi wa kudai fidia." Wengine wakasema, "Wakishatupima, tajiri ataona majina ya wasiosikia vizuri, na hao ndio watakaoachishwa kazi kwanza." Ndugu zetu, maneno yote mawili yana kweli ndani yake. Basi tusiulize tu kama utafiti ni mzuri au mbaya. Tuulize masharti yake ni yapi, na yameandikwa wapi.

Tuanze na ziwa letu hili la Nakuru. Maji yake ni ya magadi, na mtu angedhani hayana faida ila kwa ndege. Kumbe ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vilivyozoea magadi makali. Mnamo 1992 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua vijidudu vya namna hiyo katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Kampuni ya Marekani iitwayo Genencor ikavipata. Vijidudu hivyo hutoa kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho kidogo tu hugeuza kitu kingine, kama vile hamira inavyoumua unga. Kampuni ikatengeneza vimeng'enya vya kuuza, kikiwamo cha kupausha suruali za jinzi pasipo kuzisugua kwa mawe.

Mnamo 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitoka hadharani likadai sehemu ya faida. Shirika lilisema halikutoa kibali cha mambo hayo. Kampuni ilijibu kwamba vijidudu vilichukuliwa kwa ruhusa. Tazameni miaka: vilichukuliwa 1992, ugomvi ukatoka 2004. Miaka 12 ilipita kabla ya watu wa hapa kusikia kwamba matope ya ziwa lao yamekuwa biashara huko ng'ambo. Na katika miaka hiyo, nani kati yetu hakununua jinzi ya mtumba pale sokoni, akaipenda kwa weupe wake?

Hatukuja hapa kuhukumu nani alikuwa na haki. Tena yafaa tuseme kweli: Mapatano ya Dunia juu ya viumbe hai yalitiwa sahihi Rio, Brazili, mwaka huo huo wa 1992, na yakaanza kushika nguvu mwisho wa 1993. Matope yalikuwa yamekwisha kuondoka. Lakini sisi watu wa reli twaona upesi upungufu ulikuwa wapi. Behewa haliondoki stesheni bila hati. Hati husema limebeba nini, limetoka wapi, linakwenda wapi, na nani atalipokea. Mzigo ukipotea njiani, twaifuata hati mpaka tujue ulipotelea stesheni gani. Chupa ya mtafiti nayo ni mzigo. Hutoka ziwani ikaenda chuoni, na kutoka chuoni yaweza kwenda kiwandani. Ruhusa ya kuchukua ni jambo moja, na ruhusa ya kuuza ni jambo jingine. Kama yote mawili yangaliandikwa wazi tangu mwanzo, mabishano ya 2004 yasingalikuwako.

Nchi ilijifunza. Mnamo 2006 Serikali ilitoa kanuni za kutaka kibali na mapatano ya kugawana faida kabla kiumbe cha nchi hii hakijachukuliwa kwa utafiti wa namna hiyo. Mnamo 2007 Shirika la Wanyamapori lilifanya mapatano ya miaka 5 na kampuni ya Denmaki, Novozymes. Safari hii mambo yaliandikwa kwanza: wanasayansi wa Kenya wafunzwe kazi hiyo, na kitu kikiuzwa, sehemu ya faida irudi. Na Mkataba wa Nagoya wa 2010, ulioanza kutumika 2014, uliifanya desturi hiyo kuwa sheria kati ya mataifa yaliyoukubali, Kenya ikiwamo.

Hatusemi kwamba kila mtafiti ni mwizi. Hapa kwetu twajua utafiti uliorudi nyumbani. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya mawe ya volkano, nayo ndiyo iliyotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani lasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Watu wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru, wakisaidiana na wataalamu kutoka Uswisi, walifanya kazi ya kuyasafisha maji hayo kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe. Utafiti huo haukuishia kitabuni. Uligeuka chombo cha kuchujia maji, kikaingia majumbani na mashuleni.

Lakini twajua na wa namna nyingine. Miaka michache iliyopita vijana wenye makaratasi walipita hapa mitaani, wakatazama meno ya watoto, wakachukua maji katika chupa. Wazazi walitia sahihi karatasi ya Kiingereza ambayo wengi hawakuweza kuisoma. Walikotoka hatutapataja. Neno letu ni hili tu: mpaka leo hakuna aliyerudi kutuambia chupa zile zilisema nini. Mama mmoja alituuliza, "Je, maji ya kisima kile niendelee kuwapa wanangu?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Mtu aliyelijua jibu alikuwa amekwenda nalo.

Sasa turudi kwenye masikio yetu. Chupa ya matope haina mke wala watoto, haiwezi kuachishwa kazi. Mtu aweza. Kwa hiyo sheria ya kumpima mtu ni kali zaidi, na si sisi tulioitunga. Tamko la madaktari wa dunia, lililoanzia huko Helsinki, Finlandi, mwaka 1964, lasema kwamba faida ya elimu isitangulizwe mbele ya mtu anayepimwa. Hapa Kenya utafiti juu ya watu wapaswa kupitishwa na kamati ya maadili, na mtafiti apate leseni ya tume ya taifa ya sayansi, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Anayepimwa ana haki ya kukataa, na hata akikubali, ana haki ya kujitoa pasipo kuadhibiwa. Tena sheria ya 2019 ya kulinda habari za watu yazihesabu habari za afya kuwa siri nzito.

Kwa hiyo kamati yenu yaomba mkutano ukubali utafiti huu kwa masharti matano. La kwanza, watuonyeshe kibali cha kamati ya maadili na leseni. La pili, karatasi ya kukubali iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti kabla mtu hajatia sahihi. La tatu, majina yasipelekwe kwa tajiri. Tajiri apewe hesabu ya jumla tu. La nne, kila mtu apewe majibu ya masikio yake mwenyewe, mkononi mwake, ili akitaka kudai fidia kwa sheria ya 2007 awe na pa kuanzia. La tano, waandike ni nani anayelipia kazi hii, na habari zetu zitakwenda wapi ikiisha.

Wakikubali, tuwafungulie mlango wa karakana na kuwapa chai. Wakikataa hata moja, waulizwe sababu, nao mkutano huu uamue tena.

Msitie sahihi kwa aibu, kwa kuwa aliyewaletea karatasi ni mtu wa chuo kikuu. Chama chetu hukaa mezani na tajiri juu ya mshahara kabla ya kazi, si baada yake. Msomi naye ni mgeni wetu, tena ni mgeni wa heshima. Lakini kuuliza si ujinga, na mgeni mwema haondoki na kitu cha mwenyeji bila kuaga.

Ndugu Mwenyekiti, twaurudisha mkutano mikononi mwako. Tunaomba kura ipigwe.