Upungufu wa Damu Katika Kaya za Wanaushirika
(Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Mkoa wa Songwe)



Chama cha msingi hukaguliwa vitabu vyake vya fedha, mizani yake na ghala lake. Lakini iko hasara isiyoandikwa katika kitabu chochote. Ni ile ya mchumaji wa kahawa wa Mbozi anayejaza debe moja pale ambapo msimu uliopita alijaza mawili, ambaye moyo humdunda akipanda kilima na kizunguzungu humjia ainukapo. Majirani humwita mvivu. Aghalabu huyo si mvivu. Damu yake imepungua.

Wala si jambo la wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 42 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa 59. Sababu ni nyingi, na mojawapo iliyo kubwa ni ukosefu wa madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza chembe nyekundu za damu. Mwanamke hupoteza chuma kila mwezi; akiwa mjamzito humgawia mtoto; akijifungua hupoteza tena. Mwenye damu haba akitokwa na damu wakati wa kujifungua ni kama chama kisicho na akiba siku bei inapoanguka, ila yeye hupoteza uhai.

Songwe si mkoa wa njaa. Mahindi na maharage yapo, na kila siku malori ya nafaka huonekana Tunduma. Taabu imo katika namna ya kula. Chuma cha maharage na mboga za majani huingia mwilini kwa shida, na chai au kahawa inywewayo pamoja na chakula hukizuia zaidi. (Mkulima wa kahawa asikasirike: ainywe, lakini saa moja au mbili baada ya kula.) Chungwa, pera au limau pamoja na mlo husaidia sana. Nyama na dagaa wana chuma kinachopokelewa kwa urahisi. Lakini katika kaya nyingi finyango humwendea baba, na mama hubakiwa na mchuzi. Desturi hiyo haina hoja ya kuitetea.

Kiswahili kina neno safura, litumikalo kwa upungufu wa damu na pia kwa minyoo inyonyayo damu tumboni. Minyoo hiyo hupenya ngozi ya mguu mtupu katika udongo uliochafuliwa na kinyesi. Basi kiwanda cha kumenyea kahawa kisicho na choo ni kosa la bodi, wala si la Bwana Afya.

Mjamzito hupewa kliniki vidonge vya chuma na asidi ya foliki, viitwavyo FEFO. Wengi huviacha kwa kichefuchefu, au kwa kuogopa choo cheusi. Weusi huo watokana na chuma chenyewe na hauna madhara. Akisumbuka amweleze mhudumu, asivitupe.

Hata hivyo, vidonge visinunuliwe dukani na kupewa watoto kwa kukisia. Kisiwani Pemba, watoto wengi wadogo walipewa chuma kila siku bila kupimwa kwanza, mahali penye malaria nyingi. Waliolazwa hospitali au kufa wakawa wengi kuliko wasiopewa, hata utoaji huo ukasimamishwa mwaka 2003. Lakini waliothibitika kupungukiwa chuma walinufaika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na wakazi wa bonde la Kamsamba, penye mbu wengi, wayazingatie. Malaria na selimundu pia hupunguza damu; mtoto apimwe kwanza.

Bodi zinaombwa kupeleka mambo mawili katika mkutano mkuu kabla ya msimu: choo na maji penye kila kiwanda, na mlo wa wachumaji wenye maharage, mboga na tunda, chai ikitolewa baadaye. Tena mwanamke anayekwenda kliniki siku ya mavuno asipoteze zamu yake ya mizani.