Mashine Inayoandika Maneno ya Video

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno USIPANDE, uligawe kwa silabi: u-si-pa-nde. Tutalirudia.

Tunazo video 14 za wakulima wa alizeti wa hapa kwetu. Kuandika maneno ya video moja kwa mkono kulinichukua kutwa nzima: sikiliza, simamisha, andika, rudisha nyuma. Basi nikaiandikia kompyuta orodha ya amri, mstari kwa mstari, nayo huzifuata bila kuguswa. Amri ya kwanza huita programu ya ffmpeg, ambayo huchota sauti na kuiacha picha. Ya pili huita Whisper, iliyotolewa na OpenAI ya Marekani mwaka 2022. Hiyo huigeuza sauti kuwa maandishi. Ya tatu husema: ukimaliza video hii, shika inayofuata. Nikaianzisha jioni, nikaenda kulala. Kwa bahati umeme haukukatika.

Asubuhi nilikuta maandishi, lakini mengi yalikuwa upuuzi mtupu. Whisper isipoambiwa lugha hukisia kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, na wazee wetu huanza kwa kuamkiana kwa Kinyaturu, lugha ambayo haimo katika zile inazozijua. Nikaongeza katika amri herufi mbili, sw, yaani Kiswahili. Usiku wa pili maandishi yakasomeka.

Nikafurahi, nikayachapa, nikayaleta darasani. Mama mmoja, kidole chake kikifuata mstari, akasimama.

“Mwalimu, hapa pameandikwa ‘upande kabla mvua haijalowesha udongo.’ Mzee yule hawezi kusema hivyo.”

Tukaicheza video. Kweli, mzee alisema usipande. Mashine ilimeza silabi moja, na mkulima ambaye angeifuata karatasi ile angepoteza mbegu yake ya mwaka. Mimi mwenye stashahada nilikuwa nimeipitia mara mbili!

Tangu siku ile hakuna karatasi inayotoka hapa kabla haijapita kwa wanakisomo wawili: mmoja anasoma, mwenzake anasikiliza video.

Mwalimu, sasa futa silabi si. Darasa lisome neno lililobaki. Kisha kila mmoja afanye hivyo kwa maneno haya: usivune, usichome, usiuze. Yaandikeni katika madaftari yenu. Juma lijalo tutayasoma pamoja. Kwaherini.