Mawe Yaliyoungua

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni. Masomo: Nehemia 2:11-18 na Luka 9:51-56)

Aliye na Biblia karibu na afungue kitabu cha Nehemia, sura ya 2, tangu mstari wa 11 hata wa 18. Asiye nayo asifadhaike, asikilize tu.

Nehemia alipofika Yerusalemu hakuita mkutano, wala hakuhubiri. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akazunguka mji akitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto. Mahali pengine kifusi kilikuwa kingi hata mnyama aliyempanda hakupata njia ya kupita. Nilipokuwa katika chuo cha theologia, mwalimu wetu alituuliza, "Kwa nini alikwenda usiku?" Sisi wanafunzi tulitoa majibu mengi: aliogopa adui, alitaka kuficha shauri lake. Mwalimu akasema, "Hayo ni kweli. Lakini pia mtu atazamapo magofu usiku hana wa kumwonyesha ushujaa wake." Neno hilo sikulielewa siku ile. Nimelielewa juzi juzi tu, nikiwa Kamakis.

Wengi wenu mwapajua Kamakis. Ni pale upande wa Ruiru, ambapo barabara ya mashariki izungukayo Nairobi inakutana na barabara kuu ya Thika. Hapo kale nchi hiyo ilikuwa nchi ya kahawa; hata leo kituo cha utafiti wa kahawa kipo Ruiru, nacho ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa baada ya kupanuliwa, mwaka 2012, watu waliongezeka sana. Mashamba yaligeuka viwanja, na viwanja vikageuka maghorofa. Siku hizi Kamakis pajulikana kwa nyama choma. Jumamosi jioni moshi wa mbuzi hupanda juu, magari yamepangwa kando ya barabara, na muziki wa nyumba hii unashindana na muziki wa nyumba ile.

Nyuma ya nyumba hizo mpya, kwenye njia ya vumbi, ilikuwako baa ya zamani. Jina lake sitalitaja. Ilikuwa nyumba ya mawe yenye paa la mabati, na wazee husema ilianza siku za kahawa, wakati vibarua wa mashambani walipopita pale mwisho wa mwezi na mshahara mfukoni. Wengine walifika nyumbani mikono mitupu. Nami niliihubiri vibaya baa ile, Jumapili baada ya Jumapili. Sikukosa sababu. Ndugu zangu, pombe imetuua. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ile sumu ipofushayo macho kabla ya kuua. Mwezi wa Februari mwaka 2024 watu wengine zaidi ya 10 walikufa Kirinyaga. Mchungaji aliyezika vijana hawezi kuongea kwa upole juu ya mambo haya.

Basi usiku mmoja baa ile iliungua. Wengine walisema ni nyaya za stima, wengine walisema ni jiko la makaa. Mimi nilisema moyoni, "Ni mkono wa Bwana." Jumapili iliyofuata nilitoa shukrani madhabahuni, bila kutaja jina la mahali, lakini kila mtu alielewa. Watu wakasema Amina. Nami nikaenda nyumbani, nikala chakula changu kwa furaha.

Miezi ikapita. Baraza la kanisa likasikia kwamba kiwanja kile kitauzwa, nao wazee wakaniomba nikakitazame, kama pangefaa kujengwa vyumba vya shule ya Jumapili. Nikaenda pamoja na fundi mmoja wa mawe, mshiriki wetu. Ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuukanyaga mlango ule. Angalieni neno hilo: nilipahubiri miaka mingi, na sikuwa nimepaona.

Ndani palikuwa kimya. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu. Boriti zilikuwa makaa matupu, na fundi alinikataza kusimama chini yake. Kreti za bia zilikuwa zimeyeyuka, zikashikamana na chupa hata zikawa donge moja jeusi. Ukutani, pale ilipokuwa imetundikwa kalenda, palibaki mraba mweupe. Mbarika ulikuwa umeota sakafuni katikati ya majivu, nao umefika kifuani pangu. Nilitazama kaunta, nikatazama mabenchi yaliyoungua, na katika fikira zangu nikaanza kutayarisha hubiri zuri kuhusu Sodoma.

Hapo alitoka mzee mmoja nyuma ya nyumba. Alikuwa mlinzi wa baa tangu zamani, na mwenye kiwanja alikuwa amemwacha aendelee kulinda magofu. Mkono wake wa kuume ulikuwa na kovu kubwa la moto, na vidole viwili havikukunjika. Tukasalimiana. Nikamwuliza, "Mzee, mkono huu uliungulia hapa?"

Akasema, "Hapa hapa, Mchungaji. Ni usiku ule nilipomtoa ndugu yako."

Wasikilizaji wapendwa, ninaye ndugu, mkubwa wangu, mzaliwa wa kwanza wa mama yangu. Ni mtu aliyenilipia karo ya shule kwa kuuza maziwa. Baadaye pombe ilimshika. Siku moja aliniaibisha mbele ya wageni wa kanisa, nami nikamwambia asikanyage tena kwangu mpaka atubu. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka mitatu. Habari za kuungua kwa baa nilizipata; habari kwamba yeye alikuwa amelala ndani, kwenye chumba cha nyuma cha kuwekea kreti, hazikunifikia. Nani angethubutu kuniambia? Watu walikuwa wamesikia shukrani zangu madhabahuni.

Yule mzee hakunilaumu. Alieleza tu, kama mtu aelezaye kazi yake. Alisema, "Sheria inataka baa ifungwe saa tano za usiku. Tukifunga, nilikuwa nikimsindikiza mpaka kwenye lango la mama yenu, maana barabara ina magari mengi. Usiku ule alikuwa amechoka, nikamwacha alale. Mara nyingi tulipita karibu na nyumba yako, Mchungaji, na taa inawaka. Ndugu yako alikuwa akisema, 'Nyamaza, anatayarisha mahubiri.'"

Sikupata la kujibu. Nilikaa juu ya jiwe moja mle ndani, nikalia. Hubiri langu kuhusu Sodoma liliishia pale.

Sasa na tufungue Injili ya Luka, sura ya 9. Wanakijiji wa Samaria walikataa kumpokea Bwana Yesu. Yakobo na Yohana wakakasirika, wakamwuliza kama anataka waagize moto ushuke kutoka mbinguni uwaangamize watu wale. Bwana aliwageukia, akawakemea. Hakuwakemea Wasamaria, aliwakemea wanafunzi wake mwenyewe, waliompenda. Kisha wakashika njia, wakaenda kijiji kingine. Ndugu, mimi ni Yakobo na Yohana. Niliomba moto ushuke, na ulipowaka nilishukuru, na ndani ya moto alikuwamo mwana wa mama yangu. Hata kama asingekuwamo yeye, angekuwamo mwana wa mama mwingine.

Msinielewe vibaya. Sisemi pombe ni njema, wala sisemi tuache kuonya. Nchi yetu ina sheria. Sheria ya mwaka 2010 iliziwekea baa saa zake, tangu saa kumi na moja jioni hata saa tano usiku siku za kazi, nayo ni sheria yenye busara. Lakini sheria yaweza kufunga mlango wa baa. Haiwezi kumsindikiza mtu mpaka kwao. Na hubiri laweza kueleza dhambi ya mtu; haliwezi kumshika mkono gizani. Kazi hiyo yataka mtu mwenye miguu. Pale Kamakis kazi hiyo ilikuwa yangu, na aliyeifanya ni mlinzi ambaye kwa wiki nzima hasikii hubiri hata moja.

Nabii Zekaria, katika sura ya 3, aliona kuhani mkuu amesimama mbele za Bwana katika mavazi machafu, na Shetani yuko tayari kumshitaki. Bwana alimkemea yule mshitaki, akamlinganisha kuhani na kijinga cha moto kilichonyakuliwa kisiteketee. Huko Uingereza, tarehe 9 Februari 1709, nyumba ya kasisi wa Epworth iliungua usiku. Mtoto wa miaka mitano akabaki juu, akatolewa dirishani na majirani, mmoja amesimama juu ya mabega ya mwenzake. Mtoto huyo alikuwa John Wesley, na maisha yake yote alijihesabu kuwa kijinga kile. Twapenda kukumbuka Wesley alivyokuwa baadaye. Lakini waliosimama chini ya dirisha lile hawakujua atakuwa nani. Walimtoa kwa sababu alikuwa ndani.

Kabla hatujaondoka, fundi wetu alichukua nyundo yake ndogo, akaanza kugonga kuta. Nikamwuliza afanya nini. Akaniambia, "Haya ni mawe ya Ndarugu, Mchungaji. Mabati yamekwisha, na mbao zimekwisha. Lakini jiwe halihukumiwi kwa weusi wake. Jiwe lililopasuka ndani hutoa sauti nzito, iliyokufa. Jiwe zima hulia. Sikiliza." Akagonga moja, likatoa sauti nzito. Akagonga la pili, la tatu, la nne, yakalia. Yote yalikuwa meusi sawasawa. Akasema, "Mengi ya haya yatasafishwa na yatajenga tena."

Katika sura ya 4 ya Nehemia, Sanbalati aliwadhihaki Wayahudi kwa jambo hili hili. Aliuliza kwa dharau kama wataweza kuyafufua mawe yaliyoungua kutoka katika chungu za kifusi. Alifikiri ni mzaha. Lakini ndivyo walivyofanya.

Jioni ile sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa mama. Ndugu yangu alikuwa ameketi nje, akimenya viazi. Nilipiga magoti, nikamwambia, "Ndugu yangu, nilishukuru kwa moto uliotaka kukuua. Nisamehe." Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Vuta kiti, chai iko tayari." Hakusema zaidi. Siku ya ushirika nilisimama mbele ya ndugu na dada nikayaungama hayo, kama tulivyofundishwa na wazee wetu wa Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937: kutembea nuruni, bila kuficha.

Labda mwataka kusikia kwamba ndugu yangu ameacha pombe na sasa anaimba katika kwaya. Siwezi kuwaambia hivyo. Kuna wiki aachapo, na kuna wiki aangukapo. Alikuja kanisani Jumapili moja, akaketi nyuma, akatoka kabla ya hubiri. Kiwanja nacho bei yake imetushinda mpaka sasa. Lakini usiku aondokapo kwangu, mimi ndimi nimsindikizaye mpaka kwenye lango la mama. Na yule mzee mlinzi huja kwetu kwa chakula cha Jumapili. Amenishika mkono kwa mkono wake ule wenye kovu, na kila mara nakumbuka mikono mingine yenye makovu.

Msikilizaji mpendwa, uko mtu gani kwenu ambaye umemhubiri vibaya, na nyumba yake hujaikanyaga? Usingoje iungue. Nenda leo. Usiende na hubiri. Nenda ukatazame kwanza, kama Nehemia. Na wewe usikilizaye ambaye umeungua, ukajiona mweusi, huna faida kwa mtu, sikia: Mungu hatazami weusi. Yuko Fundi ayajuaye mawe.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuombao moto mahali ulipotutuma na taa. Wakumbuke wote walio katika kifungo cha pombe usiku wa leo, na mama zao wasiolala, na wale wawasindikizao gizani. Utupe miguu ya kwenda, na mikono isiyoogopa kuungua. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.