Mkono Uliofunguliwa Usijikunje Tena
(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Mwanza)



Tumeombwa tueleze upasuaji wa mkono umefikia wapi siku hizi, na kama fungu letu la matibabu linaweza kusaidia kununua chombo cha kisasa. Tutaanza na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilimgharamia mtoto mmoja wa visiwani aliyeangukia chungu cha uji mafigani. Kovu lilikuwa limevuta vidole vinne hadi kiganjani. Madaktari walilikata kovu, wakapandikiza ngozi iliyotolewa pajani, mkono ukafunguka. Tukapiga picha, tukaituma kwa wafadhili, tukafunga jalada. Hatukutenga hata shilingi moja ya nauli ya kurudi kliniki, wala ya banzi la kuvaa usiku. Tulipopita kijijini kwao baada ya mwaka mmoja, vidole vilikuwa vimerudi karibu pale pale. Picha ile bado imo katika taarifa yetu.

Wataalamu wamefika mbali, hilo hatulikatai. Mwaka 1963 madaktari wa Shanghai, nchini China, waliunga mkono wa mfanyakazi wa kiwandani uliokatika kabisa. Baadaye darubini ya upasuaji iliwezesha kushona mishipa myembamba ya kidole. Mwaka 1998, mjini Lyon, Ufaransa, mgonjwa alipandikizwa mkono wa marehemu, na dunia nzima ikashangaa. Lakini mgonjwa yule aliacha kutumia dawa zake, na mwaka 2001 mkono ule ukakatwa. Hata huko Ulaya, basi, kazi haikuisha siku ya upasuaji.

Jambo jipya linalotugusa sisi zaidi ni sindano ya ganzi. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba ganzi iliyochanganywa na adrenalini isichomwe kidoleni kamwe, kwa sababu adrenalini hubana mishipa ya damu na kidole kingeweza kufa. Daktari Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 2005 taarifa ya visa 3,110 vilivyofuatana vya sindano hiyo katika vidole na mikono. Hakuna kidole hata kimoja kilichopotea. Daktari huchoma ganzi, husubiri kama nusu saa damu ipungue, kisha hupasua bila kumlaza mgonjwa usingizi na bila kuukaza mkono kwa mkanda wa kuzuia damu. Tena mgonjwa yu macho. Kano ikishashonwa, daktari humwambia, "Kunja vidole," naye huona papo hapo kama mshono unashika au unaachia. Ukifikiria jinsi madaktari wa usingizi walivyo wachache, utaona faida yake. Mtoto mdogo, hata hivyo, bado atahitaji usingizi, maana hawezi kutulia.

Huku kwetu mikono huumizwa na panga, na mashine za kusaga, na propela za mitumbwi, na moto wa jikoni. Hapo muda ndio mgumu. Kidole kilichokatika kikiwekwa penye ubaridi kinaweza kustahimili hata saa 24. Kikiachwa kwenye joto, kama saa 12. Mkono uliokatwa juu ya kiganja una nyama nyingi, nao kwenye joto huanza kuharibika baada ya saa 6 hivi. Barafu ya sangara ipo mialoni, ila watu hukitumbukiza kidole humo moja kwa moja, na barafu inakiunguza. Kisafishwe kwa maji safi, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, ndipo mfuko uwekwe juu ya barafu. Kama kitaungwa au hakitaungwa, daktari ndiye atakayeamua.

Kwa ndugu zetu wa Sengerema, Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na safari ya kwenda Bugando imekuwa fupi. Wa Ukerewe na Ukara bado wanaingoja meli.

Sasa tuzungumzie fungu letu. Kovu la moto huendelea kuvuta kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi. Banzi na mazoezi ya vidole ndivyo vinavyoshindana nalo, na mama wa kijijini hawezi kubuni mazoezi hayo bila kuelekezwa na mtaalamu. Tunapendekeza kwamba asipelekwe mgonjwa yeyote kwa fedha za mradi kabla ya kutengwa nauli ya safari zake zote za kliniki, pamoja na chakula cha anayemsindikiza. Chombo kipya hatuombi. Tunajua pia kwamba kwa utaratibu huu idadi ya wagonjwa katika taarifa ijayo itapungua, na wafadhili wetu watatuuliza kwa nini. Tumeona ni afadhali tuulizwe.

Mtoto yule wa visiwani ndiye wa kwanza kwenye orodha mpya. Mama yake amekubali arudishwe hospitali, ingawa kwanza alituuliza kama safari hii tutalipa na meli ya kurudi kliniki.