Faili Isiyotoka Chumbani: Kugawana Kazi Bila Bando katika Shule za Kitui na Makueni



Mwalimu wa gredi ya 5 ana maazimio ya kazi ya muhula, faili moja ya MB 40 kwa sababu ya picha. Wenzake kumi wameketi naye katika ofisi ileile. Anaituma kwenye kundi la WhatsApp. Faili inapanda hadi kwenye seva za mbali, kisha inashuka mara kumi, na MB 440 za bando zinateketea ili kazi ivuke meza. Hapo nimechukulia kwamba shule iko Wote au Kitui mjini, ambako mtandao upo. Kuna wenzetu kule Mutha na Tseikuru wanaojua ni kilima kipi cha kupanda ndipo ujumbe upite.

Tumezoea kuona WiFi na intaneti kama kitu kimoja, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Rauta huunganisha vifaa vilivyo karibu, bando liwepo lisiwepo. Shule nyingi za msingi tayari zinayo. Serikali ilipoanza kusambaza vifaa vya Digital Literacy Programme mwaka 2016, vishikwambi vya darasa la kwanza viliandamana na laptopu za walimu, projekta, na kisanduku ambacho ni seva ya masomo na rauta kwa pamoja. Vishikwambi ndivyo vilivyopigwa picha magazetini. Kisanduku kile, ambacho kwa maoni yangu kilikuwa na faida kuliko vyote, mahali pengi kiliishia kabatini. Kitoeni, mkiwashe, mjaribu.

Kikiwa kimeharibika, simu moja inatosha. Washa hotspoti, zima data, wengine wajiunge. Simu nyingi zitalalamika kwamba WiFi hii haina intaneti, na nyingine zitarudi kwenye data kimyakimya. Chagua kubaki. Wengi hukwama papo hapo na kudhani kifaa ni kibovu.

Baada ya hapo mnahitaji programu. Android kwa Android, Quick Share huwa imo ndani ya simu. iPhone kwa iPhone, AirDrop ipo tangu 2013. Ofisi zetu lakini ni mchanganyiko wa kila aina, na laptopu ya Windows pembeni, kwa hiyo mimi hupendekeza LocalSend. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo, na hutuma faili na maandishi pia: kiungo, nambari ya siri ya rauta, aya moja ya ripoti. Humpa kila mmoja jina la kubahatisha la tunda au mboga kwa Kiingereza, basi usishangae Makueni ukiona maembe mawili yanatumiana maazimio. Badilisheni majina hayo mapema, kazi isije ikaangukia simu isiyo yake.

Programu nyingine za kutumiana faili, Xender na SHAREit, zinajulikana zaidi vijijini, nami sizikatazi. India ilizipiga marufuku zote mbili Juni 2020 ikitaja usalama. Kila mtu apime mwenyewe. Bluetooth nayo inafanya kazi, ila MB 40 zitakuweka dakika kadhaa mahali ambapo WiFi ingemaliza kwa sekunde.

WiFi ya umma ni suala jingine. Mara nyingi imewekwa makusudi ili vifaa visionane, na ukiwa humo hata LocalSend itakuonyesha orodha tupu. Rudi kwenye hotspoti yako.

Sasa alama za wanafunzi. Zana za tathmini hupakuliwa kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), na alama hurudishwa huko huko. Kati ya hatua hizo mbili orodha hupita mikononi mwa walimu wengi. Kuzipitisha chumbani ni salama kuliko kundi la WhatsApp lenye watu waliohama shule kitambo, lakini Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiishii mlangoni. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo wekeni nywila kwenye hotspoti, zimeni hali ya kupokea faili bila kuulizwa, na anayepokea alama azifute akishazinakili.

Kwa zoezi la alasiri, kila meza iwe na angalau simu mbili za aina tofauti na laptopu moja. LocalSend iko kwenye flashi hapa mbele. Msiipakue kwa bando.