Mafuta ya Ziwa Edouard: siku ya kuhesabu watu, wewe uko wapi?

(Maneno ya mjumbe wa komite mbele ya wanamemba na wafadhili, Butembo)



Nimeombwa niseme juu ya mafuta ya petroli. Najua wengine wanajiuliza: sisi ambao bado tunatafuta mabati ya nyumba, ambao shamba la Mbau tunaingia asubuhi na kutoka mbio mbio, petroli inatuhusu nini? Inatuhusu. Nisikilizeni kidogo.

Kule Moanda, kwenye bahari, Congo inatoa mafuta majini tangu miaka ya 1970. Ni mbali, tuyaache. Yetu ni Ziwa Edouard. Lina karibu kilomita za mraba 2,300, na zaidi ya theluthi mbili ziko upande wetu, ndani ya mbuga ya Virunga. Samaki ya Kyavinyonge munaijua, munaikula hapa Butembo. Maji ya ziwa yanatokea Ishango, yanashuka na Semliki, yanapita Watalinga mpaka Ziwa Albert. Mtu akimwaga kitu kibaya ziwani, haiko shida ya mvuvi peke yake.

Mwaka 2010 kampuni ya Uingereza iliyoitwa SOCO ilipata ruhusa ya rais ya kutafuta mafuta katika Bloki ya Tano, ambayo inashika sehemu ya ziwa. Mwaka 2014 ziwa likapimwa. Kupima ni hivi: boti inapiga mshindo majini, sauti inashuka chini ya matope, inagonga mawe na kurudi, vyombo vinaisikiliza. Bado si kuchimba. Lakini pale boti inapopita nyavu zinapashwa kutoka, na mama anayengoja samaki ya kukausha anangoja bule.

Kilichoumiza zaidi ni namna watu walivyotendewa. Juni 2014 Human Rights Watch ilitangaza kwamba watu waliopinga mradi huo walitishwa, walipigwa, wengine walikamatwa, na ikaomba uchunguzi ufanyike. Kampuni ilikana kwamba ilikuwa na mkono ndani. Mimi naona hivi: ukileta kazi mahali ambapo kila mwenye bunduki anajiona serikali, huwezi kusema vitisho havikuhusu kwa sababu hukuvituma wewe. Ulipashwa kuuliza mapema nani atakulinda, na atalinda kwa njia gani. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2011 juu ya biashara na haki za binadamu zinasema vilevile: kampuni ichunguze madhara kabla, na aliyeumizwa awe na mahali pa kulalamika.

Na kulalamika kulisaidia. Oktoba 2013 WWF ilipeleka malalamiko kwa ofisi ya serikali ya Uingereza inayosikiliza kesi za namna hiyo, chini ya kanuni za OECD. Tarehe 11 Juni 2014 wakapatana: kampuni imalize kupima, kisha isifanye kazi tena ndani ya Virunga, isipokuwa UNESCO na serikali yetu wakubali kwamba haiharibu hadhi ya mbuga. Mwaka 2015 Kanisa la Uingereza likauza hisa zake katika kampuni hiyo. Wafadhili, hapo musikie vizuri: makuta ya kanisa yalikuwa mle ndani.

Kuna vijana wa ziwani ambao hawakufurahi. Wanasema mbuga inawakamata, kampuni ingewapa kazi. Siwacheki. Njaa haingoji UNESCO. Ila kazi ya kupima ni ya miezi, na kazi ya kuchimba inataka watu waliosomea. Mtoto wetu atapewa kubeba mizigo, basi.

Sasa nakuja kwetu sisi tuliokimbia na kurudi.

Tuangalie Uganda, kule Ziwa Albert, ambako bomba la kilomita 1,443 linatoka Hoima kwenda Tanga. Walihesabu mashamba, wakatangaza tarehe: ulichopanda baada ya siku hii hakilipwi. Familia nyingi zikangoja malipo zaidi ya miaka miwili, hazijui kama zipande kahawa au ziache. Na wale walikuwepo nyumbani! Wewe uliyekuwa Oicha, ukakimbilia Butembo, siku ya kuhesabu uko wapi? Anayehesabiwa ni yule aliyekutwa shambani, hata kama aliingia mwaka jana tu. Katiba yetu, kifungu cha 34, inasema mtu asinyanganywe mali bila malipo ya haki, tena kabla. Nzuri. Lakini utaonyesha nini? Ulilipa muhako, mbuzi ililiwa, karatasi haiko, na chifu aliyeipokea naye amekimbia au amekufa.

Musiseme mambo ya mafuta yamekwisha. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa bloki 27 za mafuta. Oktoba 2024 ikaufuta. Kilichofutwa ni mnada. Sheria ya mafuta ya 2015 bado inaacha mlango: serikali inaweza kutoa sehemu ya mbuga kwenye ulinzi kwa ajili ya mafuta.

Kwa hiyo komite inaomba daftari la mashamba, na inaomba wafadhili wasiweke makuta yote kwenye mabati. Kila memba aandikishe shamba lake: mipaka, majirani wa pande zote, miti aliyoacha, mwaka aliokimbia, mwaka aliorudi. Mashahidi watatu wapige kidole, na mmoja wao asiwe wa jamaa. Wajane waandikwe kwa jina lao wenyewe, si la shemeji. Hapo najua kutakuwa na kelele, na tutaisikiliza. Nakala moja ibaki hapa, nyingine Beni, ya tatu kwa mwanasheria, kwa sababu nyumba zetu zimeshachomwa na karatasi ndani.

Wa Oicha na Mbau tunaanza nao. Mwenye picha ya zamani ya shamba kwenye simu, asiifute.